Sauti Iongezwe Wapi: Kwenye Simu au Kwenye Sabufa?



Somo letu la leo linahusu chombo kilichomo katika nyumba nyingi. Chombo hicho ni redio, sabufa, au amplifaya yenye spika zake. Zamani chombo cha kusikiliza kilikuwa na kitufe kimoja tu cha sauti. Ukikizungusha kulia, sauti inapanda. Ukikizungusha kushoto, sauti inashuka. Basi, kazi imekwisha.

Siku hizi mambo yamezidi. Simu ina sauti yake. Sabufa ina sauti yake. King'amuzi kina sauti yake, tena kina rimoti. Mtu anaunganisha simu na sabufa kwa waya, halafu anabaki anajiuliza: nikitaka sauti iwe kubwa, niongeze wapi? Kwenye simu au kwenye sabufa?

Swali hili si dogo. Anayeongeza sauti mahali pasipofaa hupata hasara nne:

1. Hasikii maneno vizuri.
2. Anaweza kuunguza spika.
3. Anamaliza betri ya sola mapema.
4. Anaumiza masikio yake na ya watoto wake.

Hebu tusome pamoja. Kama uko katika kikundi, mmoja asome na wengine wafuate. Mkifika kwenye hatua za kufanya, leteni chombo chenyewe mkijaribu.

SITA AU TISA?

Tuanze na mfano. Tuseme redio ya mkoani imetangaza kwamba mtaalamu wa mifugo atafika kijijini Jumatano. Ataleta chanjo ya kideri ya kuku. Tangazo linasema, "Atakuwepo saa sita mchana." Nyumba moja imewasha redio kwenye simu, na simu imeunganishwa na sabufa. Besi imefunguliwa mpaka mwisho. Sauti inakoroma, inapasuka. Baba anasikia "saa tisa". Anawaambia majirani. Majirani nao wanasubiri saa tisa.

Saa tisa wanafika na kuku wao katika matenga. Mtaalamu amekwisha ondoka, maana chanjo ikishafunguliwa haikai juani. Baada ya wiki chache kideri kinapita. Kuku wanakufa banda zima. Ada ya mtoto ilikuwa itoke kwa kuku hao.

Je, redio haikusikika? Ilisikika sana! Mpaka ng'ambo ya barabara ilisikika. Lakini kusikika si kueleweka.

Sasa tazama maneno haya mawili: SI-TA na TI-SA. Wewe umesoma kisomo, unajua irabu na konsonanti. Irabu za "sita" ni i na a. Irabu za "tisa" nazo ni i na a. Zinazotofautiana ni konsonanti tu, yaani s na t zimebadilishana mahali. Irabu zina sauti nene na yenye nguvu. Lakini s na t zina sauti nyembamba na ndogo. Sauti ikichafuka, hizo nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Zikipotea, sikio linabaki na "i-a" peke yake. Hapo mtu anakisia.

Kwa hiyo tunapoongeza sauti, tunataka maneno yasikike, siyo kelele.

NJIA YA SAUTI NI KAMA NJIA YA MSAFARA

Sisi watu wa Kwihara na Tabora tunaijua habari ya njia ya misafara. Njia ile ilitoka Bagamoyo na pwani, ikapita Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na waya za shaba. Njia ile ilipitisha pia watumwa, na jambo hilo tusilisahau.

Kwihara palikuwa mahali pa kupumzika na kupanga mizigo upya. Februari 1872, Stanley na Dk. Livingstone walifika hapa pamoja wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi 1872 kwenda pwani. Livingstone alibaki Kwihara mpaka Agosti 1872. Alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Tembe alimokaa lilijengwa upya, na leo ni jumba la makumbusho.

Kwa nini tunaileta habari hii katika somo la sauti? Kwa sababu ya jambo moja. Mwaka 1871 Livingstone aliporudi Ujiji, alikuta bidhaa zake alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha uzwa na mtu aliyezishika. Zilizopotea njiani hazikurudi. Kituo cha mbele hakiwezi kutoa kitu ambacho kituo cha nyuma hakikukileta.

Sauti nayo ina vituo vyake. Inasafiri hivi:

Kituo cha kwanza ni CHANZO. Chanzo ni simu, redio, king'amuzi au flashi. Hapa ndipo sauti inapoanzia.

Kituo cha pili ni WAYA. Waya unabeba sauti kutoka kwenye chanzo. Sauti iliyo ndani ya waya ni ndogo sana. Ni umeme mdogo tu, haisikiki.

Kituo cha tatu ni AMPLIFAYA. Kazi yake ni kuikuza ile sauti ndogo. Katika sabufa, amplifaya imefichwa ndani ya boksi lenyewe, lakini imo.

Kituo cha nne ni SPIKA. Spika inageuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo ndio sauti tunayoisikia.

Sasa shika neno hili. Amplifaya haijui kuchagua. Ikiletewa maneno safi, inakuza maneno safi. Ikiletewa maneno pamoja na mchanga, inakuza maneno na mchanga wake. Mzigo wa mtama wenye mchanga ukiuongezea wapagazi, huo mchanga hautoki. Unafika mwingi zaidi!

KANUNI YENYEWE

Sasa tujibu swali letu. Kanuni ni hii:

CHANZO KIWEKWE JUU, LAKINI KISIFIKE MWISHO. KISHA SAUTI IONGEZWE NA KUPUNGUZWA KWENYE AMPLIFAYA.

Yaani simu unaipandisha mara moja, unaiacha hapo. Baada ya hapo mkono wako ufanye kazi kwenye kitufe cha sabufa.

Kwa nini chanzo kiwe juu? Kwa sababu kila waya na kila amplifaya ina kelele yake ndogo. Ni ile "shiii" au ile "mmmm" unayoisikia muziki ukinyamaza. Kelele hiyo haipungui ukipunguza simu. Iko palepale. Simu ikiwa chini, maneno yanaingia kwenye waya yakiwa madogo, karibu sawa na kelele. Halafu wewe unafungua sabufa mpaka mwisho ili usikie. Sabufa inakuza maneno, inakuza na kelele. Lakini simu ikiwa juu, maneno yanaipita kelele kwa mbali. Sabufa unaifungua kidogo tu, na kelele inabaki chini.

Kwa nini kisifike mwisho? Kwa sababu simu nyingine ikifunguliwa yote, sauti inapasuka humo humo ndani ya simu, kabla haijaingia kwenye waya. Nyingine inatoka na nguvu nyingi kuliko mlango wa sabufa unavyoweza kupokea. Sauti ikishapasuka kwenye kituo cha kwanza, hakuna kitufe huko mbele kitakachoishona.

FANYA HIVI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Kabla ya kuwasha, rudisha kitufe cha sauti cha sabufa mpaka chini kabisa.

Hatua ya 2. Unganisha waya vyombo vikiwa vimezimwa, au sabufa ikiwa chini kabisa. Ukichomeka waya sabufa ikiwa juu, utasikia mshindo "pah!" Mshindo huo unaitesa spika.

Hatua ya 3. Washa chanzo kwanza, sabufa baadaye. Wakati wa kuzima, fanya kinyume: zima sabufa kwanza, kisha chanzo.

Hatua ya 4. Weka besi na vitufe vingine vya kurekebisha sauti katikati. Kama simu ina programu ya kuzidisha sauti, izime. Programu hizo nyingi huipasua sauti.

Hatua ya 5. Pandisha sauti ya simu karibu na juu. Kama simu yako ina vidaraja 15 vya sauti, weka kwenye 12 au 13.

Hatua ya 6. Sasa cheza kitu chenye maneno ya mtu anayesema, kama taarifa ya habari. Usianze na muziki. Muziki unaficha makosa, maneno hayafichi.

Hatua ya 7. Fungua kitufe cha sabufa polepole. Simama pale ambapo msikilizaji aliye mbali kabisa anaelewa kila neno. Hapo pametosha. Usipite.

Ukitumia blututhi badala ya waya, kanuni ni ileile. Simu na sabufa zaweza kuwa na sauti mbili tofauti, basi panga simu juu kwanza. Lakini katika vyombo vingine sauti hizo mbili zimefungwa pamoja: ukigusa moja, nyingine inafuata. Jaribu uone chako kikoje.

Ukichomeka flashi moja kwa moja kwenye sabufa, hakuna chanzo cha nje. Sauti ni moja tu. Kitufe cha sabufa na rimoti yake vinafanya kazi ileile.

Redio ya kawaida ya betri nayo ina kitufe kimoja. Lakini hata hapo kuna mchanga wa mwanzoni. Stesheni isipokamatwa sawasawa, redio inakwaruza. Usikimbilie kuongeza sauti. Kwanza rekebisha stesheni, vuta antena, sogeza redio dirishani. Safisha chanzo, ndipo uongeze.

UGONJWA UKO KITUO GANI?

Mganga mzuri huuliza kwanza, halafu ndipo anatoa dawa. Nasi tusikilize, tujue kasoro iko kituo gani.

Kasoro ya kwanza: kuna "shiii" kubwa, na maneno yako mbali. Sababu: chanzo kiko chini mno, sabufa iko juu mno. Dawa: shusha sabufa, pandisha simu, kisha fungua sabufa tena kidogo kidogo.

Kasoro ya pili: sauti inapasuka hata sabufa ikiwa chini. Sababu: chanzo kimezidi. Dawa: punguza simu vidaraja viwili au vitatu, usikilize tena. Isipopona, jaribu wimbo au kipindi kingine. Pengine uliorekodiwa ndio mbovu.

Kasoro ya tatu: sauti ni safi ikiwa chini, lakini inapasuka ukifungua. Sababu: amplifaya au spika imefika mwisho wa nguvu zake. Dawa: punguza sabufa. Hakuna dawa nyingine. Kuongeza besi ni kuongeza ugonjwa.

Kasoro ya nne: kuna "mmmm" isiyokoma hata simu ikiwa kimya. Sababu mara nyingi ni waya uliolegea, waya mbovu, au chaja ya simu iliyochomekwa. Dawa: chomoa chaja usikie kama inakoma. Kaza waya au badilisha. Ikiendelea, mpelekee fundi redio. Usifungue mwenyewe chombo kilichochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Umeme huo unaua.

Kasoro ya tano: upande mmoja tu ndio unaolia. Sababu: waya haukuingia mpaka mwisho, au umekatika ndani. Dawa: usukume mpaka usikie "tik". Badilisha waya kabla hujailaumu spika.

SPIKA INAUNGUAJE?

Ndani ya spika kuna waya mwembamba uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Mafundi huuita koili. Umeme ukipita, koili inakwenda mbele na nyuma, nayo inasukuma karatasi ya spika. Karatasi inatikisa hewa.

Mfikirie mama anayetwanga. Mchi unapanda na kushuka vizuri. Lakini akitwanga chini ya dari fupi, kila akiinua, mchi unagonga dari. Mwendo wa mchi umekatwa juu. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa amplifaya inayolazimishwa kupita nguvu zake. Wimbi la sauti linakatwa kichwa. Ndiyo maana tunasikia sauti inapasuka. Wakati huo koili inapokea umeme mwingi bila kupumzika, inapata moto, na mwisho inaungua. Vispika vidogo vya sauti nyembamba ndivyo hufa kwanza. Na vikifa hivyo, zile s na t zetu zimekwenda nazo.

Watu wengine husema, "Kitufe changu kiko nusu tu, kwa hiyo nguvu imetumika nusu." Si kweli. Kitufe hakipimi nguvu iliyobaki. Chanzo kikiwa na nguvu, amplifaya yaweza kufika mwisho hata kitufe kiko katikati. Usiamini namba ya kitufe. Amini sikio. Ukisikia imepasuka, rudisha nyuma papo hapo.

HESABU YA SAUTI NA BETRI

Hapa chukua kalamu.

Nguvu ya amplifaya hupimwa kwa wati. Mtu hudhani wati 20 zina sauti mara mbili ya wati 10. Sivyo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara 2, inatakiwa nguvu karibu mara 10. Yaani:

Wati 1: sauti ya kawaida ya chumbani.
Wati 10: sikio linaona mara 2.
Wati 100: sikio linaona mara 4.

Umeona? Sauti kidogo, gharama nyingi. Sasa tuiangalie betri ya sola. Tuseme una betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20.

12 × 20 = wati-saa 240.

Betri ya maji yenye risasi haifai kumalizwa yote, inakufa mapema. Tutumie nusu yake tu:

240 ÷ 2 = wati-saa 120.

Tuseme sabufa yako ikiwa sauti ya chini inakula wati 10. Ikiwa sauti ya juu inakula wati 30.

Sauti ya chini: 120 ÷ 10 = saa 12.
Sauti ya juu: 120 ÷ 30 = saa 4.

Tofauti ni saa 8. Saa 8 hizo zingewasha taa, mtoto akasoma. Zingechaji simu za nyumba nzima.

Ziko njia za kusikia zaidi bila kutumia betri. Sogea! Mahali pa wazi, ukitoka mita 8 kutoka kwenye spika ukakaa mita 4, ni kama umeongeza nguvu mara 4, na hukulipa hata senti. Tena iweke spika juu ya meza au stuli, ielekee masikio ya watu. Spika iliyo chini sakafuni, nyuma ya makochi, inawahutubia miguu.

MASIKIO HAYANA SPEA

Spika ikiungua, utanunua nyingine. Sikio je? Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo. Hizo ndizo zinazopokea sauti. Kelele kubwa ya muda mrefu inaziua. Kwa binadamu chembe hizo hazioti tena.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakiongea kwa kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani linatoa mpaka wa kusikiliza kwa wiki moja hivi:

Desibeli 80: saa 40 kwa wiki.
Desibeli 90: saa 4 kwa wiki.
Desibeli 100: dakika 20 kwa wiki.

Tazama namba hizo. Desibeli 10 zikiongezeka, muda unapungua mara kumi au zaidi. Kwa watoto mpaka uwe chini zaidi.

Huna kipimo nyumbani? Tumia mkono. Simama na mwenzako mbali kwa urefu wa mkono ulionyooshwa. Ongea kawaida. Kama hakusikii mpaka upige kelele, sauti ya sabufa imezidi. Na ukitoka kwenye muziki masikio yanalia "nyiii", hiyo ni hodi ya hatari. Usiipuuze. Mtoto mchanga asilazwe kabisa karibu na spika.

Liko pia jambo la wazee. Mtu akizeeka, sauti nyembamba humtoka kwanza. Zile s, t, f na sh. Mzee akisema, "Mwanangu, sisikii," kijana hufungua besi. Hajamsaidia! Mzee haombi mtikisiko kifuani. Anaomba maneno. Punguza besi, msogezee spika, na pandisha kidogo kitufe cha sauti nyembamba. Utamwona anaitikia kwa kichwa.

Na jirani je? Jirani ana mgonjwa. Jirani ana mtoto wa shule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaihesabu kelele kuwa ni uchafuzi wa mazingira. Lakini kabla ya sheria kuna ujirani mwema. Toka nje, tembea mpaka mlangoni kwa jirani, usikilize. Kama unasikia kila neno la wimbo wako, basi jirani anausikiliza bila kuuomba.

REDIO MOJA, WATU WENGI

Wengine wetu tumesimuliwa na wazazi habari za kampeni za redio. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza Radio Tanzania, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Waliohudhuria walikadiriwa kufika milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Redio zenyewe hazikuwa na nguvu nyingi. Siri yao ilikuwa nini? Watu walikaa karibu, wakanyamaza, wakasikiliza. Baadaye wakajadili walichosikia.

Siku hizi kwenye mikutano tunatumia kipaza sauti. Msemaji ana maiki, na spika ziko nje. Hapo chanzo ni msemaji mwenyewe. Maiki ikae karibu na mdomo, kama vidole vinne. Akiishika tumboni, fundi atafungua amplifaya mno, na ule mluzi utaanza: "Wiiii!" Mluzi unatokea hivi: sauti ya spika inarudi ndani ya maiki, inakuzwa, inatoka, inarudi tena. Dawa yake ni kushusha sauti, kuweka spika mbele ya msemaji na siyo nyuma yake, na kumsogeza msemaji kwenye maiki. Kanuni ni ileile ya sabufa: chanzo kiwe na nguvu, amplifaya ipumzike.

MASWALI TUNAYOULIZWA DARASANI

"Mwalimu, kwani hizi sauti mbili za nini? Si ingetosha moja?" Mzee wetu, vyombo hivi vilitengenezwa kila kimoja kiweze kufanya kazi peke yake. Simu huitumia hata bila sabufa. Ndiyo maana kila kimoja kina kitufe chake.

"Mimi king'amuzi changu kimeunganishwa kwa nyaya nyekundu na nyeupe. Nikibonyeza rimoti haibadiliki kitu." Mama, baadhi ya matundu hutoa sauti ya kiasi kimoja tu, haipandi wala haishuki kwa rimoti. Hilo si kosa. Hapo kazi yote ni ya sabufa.

"Wimbo mmoja unalia chini, unaofuata unashtua nyumba nzima." Ni kweli, maana kila wimbo ulirekodiwa na fundi wake. Wakati nyimbo zinabadilika, mkono usiwe mbali na kitufe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Chanzo juu, siyo mwisho. Kisha tumia kitufe cha amplifaya.
2. Kosa la mwanzo halitibiwi mbele.
3. Sauti ikipasuka, punguza.
4. Washa sabufa mwisho, izime mwanzo.
5. Kusogea ni bure. Betri inanunuliwa.
6. Spika ina spea. Sikio halina.

MANENO YA KUJIFUNZA

Chanzo: mahali sauti inapoanzia.
Amplifaya: chombo cha kukuza sauti.
Koili: waya uliozungushwa ndani ya spika.
Wati: kipimo cha nguvu ya umeme.
Desibeli: kipimo cha ukubwa wa sauti.
Besi: sauti nene.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja vituo vinne vya sauti kwa mpangilio.
2. Sabufa ya jirani inapasuka hata ikiwa chini. Utamwambia aguse wapi kwanza? Kwa nini?
3. Betri ina volti 12 na ampea-saa 40. Ukitumia nusu yake tu, itaendesha chombo cha wati 20 kwa saa ngapi?
4. Tafuta maneno mengine mawili ya Kiswahili ambayo yana irabu sawa na yanaweza kuchanganywa sauti ikiwa chafu.

KAZI YA KUFANYA

Jioni ya leo wakati wa taarifa ya habari, panga sauti kama tulivyojifunza. Mwombe mtu mmoja akae mwisho wa chumba. Habari zikisha, aandike namba zote alizozisikia: saa, tarehe, bei. Nawe uliyekaa karibu uandike zako. Kisha linganisheni. Namba zikiwa sawa, umepanga vizuri. Zikitofautiana, rudini kwenye hatua ya 1.